Kiini Ambacho Hakikuwepo

Kwa miaka sita nilifundisha seli bila kuwahi kuona hata moja. Nasema hivi bila haya kwa sababu najua siko peke yangu. Sekondari niliyosoma kule Makueni, si mbali sana na mji wa Wote, ilikuwa na hadubini moja iliyofungiwa kabatini katika ofisi ya mwalimu mkuu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuonyeshwa wageni. Chuoni tulikuwa wengi mno kwenye maabara moja. Waliowahi mbele walitazama, sisi wa nyuma tukanakili michoro yao. Nilifaulu vizuri tu. Nilichora seli vizuri kuliko wengi: duara, ndani yake kiini, mistari ya kuonyesha majina ikiwa imenyooshwa kwa rula. Ungeniamsha usingizini ukanipa chaki, ningeichora bila kukosea.

Nikapata kazi katika shule ya kutwa upande wa Ikutha, na huko nikaendelea kuchora. Kila mwaka Kidato cha Kwanza kilipoingia, nilichora duara langu ubaoni nao wakalihamishia daftarini. Lazima niseme pia kwamba mimi si mtu wa kukosolewa. Nyumbani walinitania kuwa nilizaliwa nikibishana na mkunga. Wanafunzi walijua hivyo, walimu wenzangu walijua, na kwa jumla tuliishi kwa amani kwa sababu hakuna aliyeuliza sana.

Kisha ile shule yangu ya zamani ikanunua hadubini mpya. Nilikuwa likizoni kwa mama nilipopata habari hiyo, nikaenda kuomba ile ya kabatini, wakanipa. Nilisafiri nayo hadi Ikutha ikiwa mapajani, imefungwa kwa leso mbili. Ilikuwa chuma kizito cheusi, yenye lenzi tatu, moja ikiwa imepasuka, na chini yake kioo kidogo cha kugeuza upande huu na huu ili kunasa mwanga. Hilo lilinifurahisha, maana maabara yetu haikuwa na umeme. Ilikuwa chumba chenye meza ndefu za saruji, na nusu yake tulihifadhi magunia ya mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana.

Jumanne ya wiki ya pili ya muhula niliwaingiza Kidato cha Kwanza mle ndani. Walikuwa arobaini na watatu, wamenyamaza kama wako kanisani. Nilikuwa nimeamua kuwaonyesha seli ya mtu, kwa sababu ndiyo ile ya duara ambayo mimi na wao tuliijua. Nikamwambia kiranja wa darasa afungue kinywa, nikamkwangua shavu kwa ndani kwa kijiti, nikapaka nilichopata kwenye kipande cha kioo chenye tone la maji, nikafunika kwa kioo kingine kidogo chembamba. Nilikidondosha tu, pwa! Kitabu kilisema ni lazima kwanza utie rangi. Rangi hatukuwa nayo, nami nikadhani ni ya urembo.

Niliinama nikatazama. Mwanzo niliona mwanga mtupu. Nikazungusha kile kitufe cha pembeni polepole, kitu kikaja, kikapotea, kikarudi. Lilikuwa duara jeusi, limezunguka vizuri kabisa, ndani jeupe. Kando yake jingine dogo, na jingine. Katika moja ya hayo madogo niliona kidoa. Miaka yote ile, na sasa nilikuwa nimefika.

"Ile pale!" nilisema kwa sauti kubwa. "Njooni muone seli. Mtazame na kiini."

Walipanga mstari. Kila mmoja aliinama kidogo, akafumba jicho moja, akatazama.

"Umeona?"

"Nimeona, Madam."

"Na nucleus?"

"Iko, Madam."

Mmoja baada ya mwingine, wote waliona. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata darasani kwa muda mrefu. Karibu na mwisho wa mstari alikuwepo msichana mmoja mwembamba, mkimya, aliyekaa siku zote karibu na dirisha. Aliinama, akakaa hapo. Akazungusha kile kitufe, jambo ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kulifanya. Waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Naona ring nyeusi, Madam. Ndani ni kweupe tu."

"Na nucleus?"

"Hakuna."

"Angalia tena."

Aliangalia tena. Alisogeza jicho, akabadilisha likawa la kushoto. "Hakuna, Madam. Kuna ka-dot kwa hii ndogo lakini hako ni kauchafu."

Mtu fulani nyuma akasema labda ana macho ya kuku, darasa likaangua kicheko. Mungu anisamehe, nami nilicheka.

Jioni yake nilisahihisha madaftari. Michoro arobaini na miwili ilikuwa na kiini, mizuri, inafanana kama imetoka kwenye mashine moja. Nikaweka alama za juu mfululizo. Nilipofika kwa yule msichana nilikuta duara lenye ukingo mnene mweusi aliouchora kwa penseli mpaka karatasi ikang'aa, na katikati hamna kitu. Alikuwa ameandika pembeni kwamba ndani ni patupu. Nilimpa sifuri. Kisha kwa ile kalamu nyekundu, na kwa ukali niliouzoea, nikaandika chini: "Una shida ya macho?" Halikuwa swali la kujibiwa. Nikafunga daftari, nikaenda kupika.

Wiki zilizofuata yule msichana alihama dirishani akakaa dawati la mbele kabisa. Nilidhani sasa amekuwa na bidii. Lakini aliacha kuinua mkono. Kazi ya nyumbani aliileta nusu, au hakuileta. Nilipomuuliza sababu, alisema kwa sauti ya chini kuwa mama yake amemkataza kusoma taa ikishawashwa. Nilimwambia aache visingizio. Mtihani wa katikati ya muhula alishuka vibaya, sio Biolojia peke yake, kila somo. Katika ofisi ya walimu tulimsema kama tunavyowasema wengine, kwamba wasichana wa siku hizi wakifika umri huo akili huruka. Nilichangia neno moja au mawili.

Jumamosi moja nilikuwa nimemaliza kufua mapema, na sina hamu ya kusahihisha kitu chochote. Nilikuwa nimetoa kwenye rafu ya maktaba yetu kitabu kikuukuu kisicho na jalada, cha habari za sayansi za kale, nikakisoma nikiwa nimekaa mlangoni. Humo nilikutana na habari ya Mwingereza mmoja wa karne nyingi zilizopita ambaye alikuwa akitazama kila kitu kwa hadubini yake, kuanzia ncha ya sindano hadi viroboto. Siku moja akachukua kizibo cha chupa, akakikata kipande chembamba kwa kisu kikali, akakiweka chini ya lenzi. Alitaka kujua kwa nini kizibo ni chepesi, kwa nini ukikibonyeza kinanywea halafu kinarudi. Akaona kimejaa vyumba vidogo vitupu. Ndipo akavipa lile jina la seli tunalotumia hadi leo, ambalo kwa lugha yao lilikuwa jina la kijumba kidogo cha mtu mmoja. Kulikuwa pia na habari ya Mholanzi, muuza vitambaa, aliyejitengenezea lenzi ndogo mwenyewe, akakwangua uchafu wa meno yake akaona humo viumbe wanatembea. Aliwaandikia wakubwa wa sayansi, wakakataa kuamini mpaka wahakikishe wenyewe.

Nilirudia ile habari ya kizibo mara mbili. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna mtu aliyemwambia aone nini. Hapakuwa na mchoro. Hakuwa na mwalimu. Alikuwa na kizibo na kisu.

Kizibo ninacho, nikajiambia, na kisu kinaweza kuwa wembe. Kwetu Makueni kila chombo chenye mdomo kilizibwa kwa gunzi la mahindi. Chupa ya mafuta ya taa, chupa ya asali, kibuyu cha uji, vyote. Mama alikuwa akichagua gunzi lenye unene unaofaa na kulichonga kidogo likaingia barabara. Kwa hiyo sikuwaza mara mbili kizibo ni nini. Ni baadaye sana nilipojua kuwa kizibo cha Mwingereza kilitoka kwenye gome la mti wa Ulaya. Kwa muda mrefu niliamini kwa dhati kwamba mzungu yule alikuwa ameshika gunzi.

Nilichukua gunzi kavu kutoka kwenye rundo la kuwashia moto, wembe mpya na ufunguo wa maabara. Nikaweka hadubini kwenye meza ya dirishani, nikageuza kioo chake kikatazama ukuta mweupe wa choo cha walimu, ambao mchana ule ulikuwa unawaka. Vipande vya kwanza nilivyokata vilikuwa vinene, nikaona giza. Sehemu ya nje ya gunzi ni ngumu na wembe ulikuwa ukiruka. Ndipo nikajaribu katikati, pale kwenye ule moyo mweupe mlaini ambao ukiubonyeza kwa kidole unanywea halafu unarudi. Huo ulikatika vizuri. Nilipata kipande chembamba hata kikajikunja, nikakiweka juu ya kioo kikavu, bila maji, bila kukifunika.

Niliona vyumba.

Vilikuwa vingi mno, vimeshikana ukuta kwa ukuta, vingine pembe tano, vingine sita. Hakuna kilichokuwa duara kamili na hakuna kilichokaa peke yake. Nimekulia kwa wafuga nyuki, na nilijua mara moja vinafanana na nini: sega ambalo asali imeshakamuliwa. Nilisogeza kioo kidogo kwa ukucha, vyumba vikaendelea. Nikasogeza tena, bado viko. Gunzi lile lilikuwa la mahindi niliyokula mwenyewe, na magunzi kama hayo nimeyatupa motoni tangu utotoni bila kujua kwamba nachoma majumba. Nilicheka peke yangu mle ndani. Niliinuka nikazunguka meza, nikarudi kuhakikisha kama bado viko.

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Nilitazama uzi wa leso yangu, nikaona si uzi mmoja, ni kamba nyingi zilizojisokota pamoja. Nikatazama chumvi. Nikatazama mchanga wa mto, ule mchanga tunaochimba kiangazi kutafuta maji, nikakuta kila punje ina rangi yake, nyingine kama kioo. Nikatazama unywele wangu, mguu wa mbu, ngozi nyembamba ya kitunguu. Kile kitunguu kilinipiga mshangao wa pili, maana vyumba vyake vilikuwa virefu, vimepangwa kama matofali, navyo vikaungana na vile vya gunzi katika jambo moja: kila chumba kina jirani.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Yale maduara yangu ya Jumanne ile hayakuwa na jirani. Yalikuwa yakielea tu.

Nilichukua kioo kisafi, nikaweka tone la maji matupu, nikadondosha kifuniko kama nilivyofanya siku ile, pwa. Nikatazama. Yalikuwa hapo, maduara meusi, mazuri, yamezunguka vizuri kabisa. Nilibonyeza kifuniko kwa ncha ya sindano, duara moja likakimbia. Likagonga jingine, yakawa moja. Seli hazifanyi hivyo. Yalikuwa povu. Hewa iliyonaswa chini ya kioo kwa sababu mwalimu hakujua kukilaza taratibu kuanzia upande mmoja. Seli za shavu la kiranja zilikuwepo siku ile, naamini, lakini bila rangi huwa hazionekani kwa urahisi, na mimi nilishaona duara nililolitaka.

Wanafunzi arobaini na wawili walikuwa wameichorea hewa kiini. Mmoja alikuwa amechora hewa kama ilivyo, nami nikamuuliza kama ana shida ya macho.

Nitasema ukweli nilichofikiria. Nilifikiria kunyamaza. Mwaka ujao ningetumia kitunguu, ningetafuta rangi, ningelaza kifuniko vizuri, na hakuna ambaye angejua. Sifuri moja ya Kidato cha Kwanza haijamuua mtu. Nilifunga maabara nikaenda nyumbani, na nilikula vizuri tu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisa letu ni la mabati, karibu na soko, na kabla ya mahubiri mchungaji huwaita mbele wenye haja za maombi. Siku hiyo walitoka watu wanne au watano. Wa mwisho alikuwa mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani, amemshika mkono yule msichana wangu.

Mchungaji akampa maikrofoni.

"Bwana asifiwe," alisema yule mama.

"Amen."

"Bwana asifiwe tena. Mimi nimekuja na huyu mtoto yangu. Ako na shida ya macho. Mnajua mama yangu alipofuka. Alianza pole pole, akakuwa haoni vitu ndogo, halafu akakuwa haoni kitu. Mimi nikashukuru Mungu, nikasema hii kitu imeniruka. Kumbe imeruka mimi ikashika mtoto. Na huyu ndio alikuwa anaona mbuzi ng'ambo ya mto, anakuambia ile ni yetu, ile iko na sikio imekatwa, na wewe huoni hata mbuzi."

Watu wakasema pole, aiya, pole.

"Mwalimu ndio aligundua. Aliandika kwa kitabu. Na ako hapa na sisi leo, Mungu abariki huyo mwalimu, kwa sababu singejua. Sasa nimemkataza kusoma usiku ndio macho ipumzike. Na mimi nimefunga, leo ni siku ya tatu. Nasema kama Mungu anataka macho, achukue yangu, mimi nimeshaona ya kutosha."

Kanisa zima liligeuka likanitazama kwa upendo. Mzee aliyekaa mbele yangu alinyoosha mkono nyuma akanipa wa pongezi, nami nikaupokea. Msichana alikuwa amesimama pale mbele, ameinamisha kichwa, mikono imeshikana. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kukubali. Mchungaji akamwekea kiganja juu ya macho, watu wakanyoosha mikono, maombi yakaanza kupanda.

Nilisimama. Miguu ndiyo iliyosimama kwanza, nami nikafuata. "Mchungaji," nilisema, hakunisikia. Nikasema tena kwa ile sauti ya darasani, na maombi yakakatika vipande vipande.

"Mwalimu, wakati wa ushuhuda ni baadaye," alisema mchungaji kwa upole.

"Si ushuhuda. Nataka kuungama."

Alinipa maikrofoni. Ninajulikana kwa ushuhuda mzuri katika kanisa hilo, ulio na mwanzo na mwisho na aya ya Biblia katikati. Siku hiyo sikuwa na hata neno moja lililopangwa. Nilisema kwamba niliwaonyesha watoto hewa nikawaambia ni seli. Kwamba niliwaambia kuna kiini ndani, na hakikuwepo. Kwamba watoto wote walikubali kwamba wamekiona isipokuwa huyu, naye nikamwekea sifuri, nikamwandikia maneno mabaya kwa sababu alinikera.

Yule mzee wa mbele yangu akauliza, si kwa ubaya, kwa kutaka kujua tu, "Mwalimu, kwani hewa inaonekana?"

"Kwa hiyo mashine, mzee, inaonekana. Ni kaduara keusi."

"Aiya," akasema mzee.

Mama wa msichana alikuwa bado amemshika mtoto mkono. Alinitazama muda mrefu kama mtu anayesikiliza lugha nyingine. "Kwa hivyo macho iko sawa?"

"Macho yake yako sawa, mwaitu," nilisema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Yanaona kuliko yangu. Nisamehe."

"Haendi kupofuka?"

"Sijui mambo ya kesho. Lakini siku ile hakukosea. Ni mimi niliyekosea, na nilijua tangu jana, na leo nimekuja hapa nikiwa nimeamua kunyamaza."

Aliketi kwenye kiti cha mbele kabisa, bila kuangalia kama ni cha nani. "Siku tatu," alisema, si kwangu hasa. "Siku tatu sijakula." Kisha akaanza kucheka, akalia, akacheka, na wanawake wawili wakaja kumshika. Mmoja alikwenda kumtafutia uji.

Mchungaji alisimama pale katikati, haelewi amwombee nani. Mwisho akanigeukia, akasema, "Basi tumwombee mwalimu," na kabla sijajua nifanye nini akaniwekea kiganja juu ya macho, palepale alipokuwa amemwekea mtoto. Mkono wake ulikuwa na joto na ulinukia sabuni. Kanisa likapaza sauti kumwomba Mungu anifumbue macho. Kupitia nafasi kati ya vidole vyake niliona nguo ya shule, na juu yake uso wa yule msichana. Wote walikuwa wamefumba macho isipokuwa yeye. Alikuwa ananitazama. Sikuona huruma mle, na sikustahili.

Baada ya ibada nilimfuata nje, nikamwambia nisamehe. Alisema, "Ni sawa, Madam," kwa ile sauti ambayo wanafunzi hutumia wakati si sawa, akaenda zake na mama yake.

Jumatatu niliingia Kidato cha Kwanza nikawaambia yale yale niliyosema kanisani, maana wengi walikuwa wameshasikia na hadithi ilikuwa inakua njiani. Walicheka, nami nikawaacha wacheke mpaka wakachoka. Niliomba daftari la msichana, nikakata sifuri yangu na maneno yangu mbele yao. Halafu nikawapeleka maabara. Nilikuwa nimeshakata moyo wa gunzi na kuuweka chini ya lenzi. Sikuchora kitu ubaoni. Niliwaambia tu, "Kila mtu aseme anachoona."

Mstari ukaanza. Kiranja aliinama, akainuka. "Naona cell, Madam. Na nucleus."

Seli za gunzi kavu hazina kiini. Ni nyumba zilizohamwa, kuta tu zimebaki. Nilimwambia asante, apite. Wa pili aliona kiini na ukuta. Wa tatu aliona kiini, sitoplazimu na kitu kingine kilichokuwa kitabuni ukurasa wa mbele zaidi ya pale tulipofika. Waliendelea hivyo, wanane, tisa, kumi, wakiinuka na kunitazama usoni kuona kama nimependezwa. Nilikuwa nikidhani kosa langu lilikuwa povu la hewa. Nikiwa nimesimama pale kando ya meza, nikiwasikia, nilielewa nilichowafundisha kwa kweli.

Zamu ya msichana ikafika. Aliinama, akafumba jicho la kushoto, akashika kile kitufe akakizungusha kidogo, mbele, nyuma. Alikaa hapo muda mrefu na safari hii hakuna aliyeguna. Aliposema, hakuinua kichwa.

"Ni rooms. Nyingi. Zimeshikana." Akakizungusha tena kitufe. "Ndani hakuna kitu."

Niliona mabega yake yamekaza. Alikuwa anangoja.

"Hakuna kitu kabisa?" niliuliza, na papo hapo nikajuta, maana lilitoka kama swali la mtego.

Aliinua kichwa akanitazama, akarudi akainama, akaangalia tena, bila haraka.

"Hakuna, Madam," akasema. "Ni tupu zote."

"Ndiyo," nikasema. "Ni tupu zote."

Alitoka kwenye meza akaenda kusimama dirishani, na wa baada yake akaja. Huyo aliinama, akakaa zaidi kidogo kuliko walivyokaa wenzake, akasema kwa sauti ya wasiwasi kwamba hata yeye haoni kiini. Wa baada yake naye hakukiona, lakini aliona kwamba vyumba vya pembeni ni vidogo kuliko vya katikati, jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona. Nilipogeuka, kiranja alikuwa amerudi mwisho wa mstari, ameinamisha uso, na nyuma yake wa pili, na wa tatu, wote wale waliokwisha kuniambia walichoona. Walikuwa wamerudi kutazama. Nilikwenda nikasimama nyuma yao, nikangoja zamu yangu.